Chuma kinene kikunje, usikichanje

Mwaka juzi rafu ya dukani kwa mke wangu, hapa Igoma, Mwanza, ilidondoka na mchele wake wote. Hakuumia mtu. Mfuko mmoja ulipasuka na kuku wa jirani wakala sikukuu. Nilipookota braketi nikaelewa kilichotokea. Flatibaa, yaani ule mkanda bapa wa chuma, ya unene wa milimita 8 ilikuwa imechanjwa kwa grainda upande wa ndani wa kona hadi ikabaki ngozi, ikakunjwa kwa mkono, halafu mchanjo ukafunikwa kwa welding ya juu juu. Chini ya ile welding palikuwa na kutu nyekundu na upenyo wa kupitisha wembe. Mzigo wote ulikuwa unaning'inia kwenye ngozi ile ya nje. Rangi ya fedha juu yake bado inang'aa.

Fundi aliyezitengeneza simtaji, na wala si mwizi. Ndivyo wengi wanavyofanya, na ukimuuliza mmoja mmoja atakwambia, "Mzee, unene huu haukunjiki bila mashine." Hapo ndipo ninapobishana nao.

Flatibaa laini ya kawaida, upana milimita 50 na unene 8, inaanza kukubali ukiivalisha bomba la mita moja na kusukuma ncha kwa nguvu ya kilo 20 hivi. Tuseme 30, maana chuma kinakaza kadiri unavyokikunja. Hiyo si kazi ya baunsa, ni kazi ya bomba refu. Kinachowadanganya watu ni kwamba unene ukiongezeka mara mbili, nguvu inayotakiwa huongezeka mara nne. Kwa hiyo aliyezoea kukunja ya 6 kwa mkono na nyundo akishika ya 12 anaona amekutana na jini, anawasha grainda.

Kinachoshindwa kwanza ni jiliwa, kile kifaa cha kubania chuma, au vaisi kama tunavyoiita huku. Yangu ya inchi 4, chuma cha kumimina, ilipasuka taya nilipokuwa napiga flatibaa ya 10 kwa nyundo kubwa badala ya kutafuta bomba. Nikahamia kwenye jiwe nyuma ya nyumba. Mwanza utakosa maji, mawe hukosi. Jiwe lilinirushia vipande hadi nikavaa miwani, na chuma cha moto kilipoligusa likabanduka magamba. Kipande cha reli ndicho fuawe bora, yaani cha kugongea chuma juu yake, lakini sina, na sitaki kuulizwa nimekitoa wapi. Siku hizi natumia jiliwa kubwa la mtumba lililofungwa kwa bolti kwenye gogo, nusu mita ya gogo hilo ikiwa ardhini.

Ukikunja kwa ubaridi, usitake kona kali. Nusu kipenyo cha mviringo wa ndani kisipungue unene wa chuma chenyewe. Mimi nabana kipande cha nondo pembeni ya taya ili chuma kizunguke hapo. Ukilazimisha kona ya kisu, mgongo wa nje utaanza kuonyesha nyufa ndogo kama za kisigino wakati wa kiangazi. Na kunja zaidi kidogo ya nyuzi 90, kwa sababu ukiachia bomba chuma kinarudi nyuma.

Ukitaka kona iliyobana, washa moto. Tanuri langu ni ringi ya gari, mkaa, bomba la inchi moja na nusu na drayer ya saluni iliyostaafu. Vijana wa mtaani walinicheka kwamba nimerudi enzi za Warongo. Nikawaambia Warongo wa upande wa Geita walikuwa wakiyeyusha chuma chao wenyewe kwa mkaa, na majembe yao yalifika hadi huku Usukumani. Mimi nanunua flatibaa dukani, kwa hiyo bado sijawafikia.

Subiri kona iwe na rangi ya chungwa bivu, si wekundu wa gizagiza tu. Hapo chuma kimepoteza sehemu kubwa kabisa ya nguvu zake, na bomba linakwenda kama unafungua mlango. Kabla ya kukunja, mimi namwagia maji kidogo kwa kopo kwenye miguu miwili ya braketi ili joto libaki konani tu, la sivyo mguu wote unapinda kama upanga. Nyundo ni ya kunyoosha, si ya kukunjia. Rangi ya chungwa ikiisha, acha, rudisha motoni. Hasa usipige chuma kikiwa kimepoa hadi rangi ya bluu. Katika joto hilo kinakuwa kikavu na kinaweza kupasuka. Ukimaliza kilaze pembeni kipoe chenyewe. Na flatibaa iliyopakwa zinki kama mabati usiipeleke motoni kabisa, moshi wa zinki utakulaza kitandani na homa.

Kipimo nacho kina ujanja wake. Ukitaka miguu ya sentimita 20 na 25 kwa kipimo cha nje, usikate 45. Kwa unene wa 8 na mviringo niliousema, punguza milimita 13 hivi. Mimi sikupunguza mara ya kwanza. Jozi yangu ilitoka ndefu na matundu ya bolti hayakukutana na ya ubao.

Sisemi welding ni mbaya. Mchanjo wa V uliojazwa vizuri mpaka chini na mtu anayejua unabeba, na kwa miguu ya meza sina neno. Lakini mashine ya kuchomelea hapa kwetu ikiwashwa usiku taa za majirani zinafifia na simu zinaanza kuita, na umeme ukikatika umebaki na chuma kilichochanjwa nusu. Drayer ikizima, nachukua kipepeo cha jikoni.

Wiki iliyopita shemeji yangu wa Igombe alikuja kuchukua braketi 4 za kiti cha mtumbwi, upana 50, unene 10. Alizigonga kwa ufunguo, akasikiliza, akauliza welding iko wapi. Nikamwambia haipo. Akazigeuza tena. Kisha akatoa kwenye pikipiki jani la springi ya lori, akasema, "Basi na hii nikunjie nanga." Nikamrudishia. Ule si ulaini wa flatibaa. Ukiukunja kwa ubaridi unakatika, na ukiukosea motoni unakuwa kigae. Ameliacha hapa hapa limeegemea ukuta, anasema nitabadili mawazo.