Duka la kijijini libebwe na wote

Ndugu wakinipigia simu, swali halikosi: huko kwenye barafu chakula unanunua wapi? Wengi wanadhani naishi mjini. Naishi kijiji cha wavuvi Finnmark, kaskazini kabisa mwa Norwei, na duka letu ni moja tu. Kulifuata la pili ni kuvuka mlima, na dhoruba ikichafuka barabara inafungwa, au magari yanavushwa kwa msafara nyuma ya gari la kusukuma theluji. Barabara ikikaa imefungwa, maziwa na mkate vinaisha dukani.

Mtu wa Lupingu au Manda, wilayani Ludewa, hapo ameshanielewa. Kwetu mwambao wa Ziwa Nyasa, upepo wa mwera ukivuma boti hazitoki, sukari inaadimika, sabuni inaadimika. Meli ya MV Mbeya II ilipoanza kazi 2021 tulishukuru, lakini pasipo na gati mzigo bado unamaliziwa kwa mtumbwi, halafu kichwani.

Kwa chakula chenyewe, nyumbani kunashinda, wala sibishani na mtu. Muhogo unatoka shambani, samaki wametoka majini asubuhi, na Jumamosi ukifika soko la Lyulilo, pale Matema, unakuta vyungu vya Kikisi vimepangwa ufukweni na akina mama wanapatana bei kwa kicheko. Huku ndizi inatoka bara lingine. Samaki nashukuru sinunui, jirani yangu mvuvi ananigawia. Unga wa ugali naagiza Oslo.

Lakini siku hizi sipendi tena kusikia tukisifia duka la kijijini kwetu kwamba linamjali maskini kwa sababu linampimia kidogo kidogo. Nimekulia kwenye maduka hayo. Mche wa sabuni unakatwa vipande kwa kisu, mafuta ya kula yanapimwa kwa kikombe, sukari inauzwa robo, hata nusu robo, na daftari la madeni lipo chini ya kaunta. Ni kweli bila vipimo hivyo watu wangelala bila chai. Ila tupige hesabu. Chukulia kilo ya sukari ni shilingi 3,000 na robo ni 800. Anayenunua robo nne kwa wiki ametoa 3,200 kwa kilo ileile. Mwenye hela ya kilo nzima analipa kidogo, asiye nayo analipa zaidi. Juu yake weka nauli ya boti, mpagazi na faida ya kila aliyeushika mzigo njiani. Mwisho wa safari, mkulima wa muhogo wa mwambaoni ananunua chumvi kwa bei ya juu kuliko mtumishi wa Njombe mjini.

Simlaumu mwenye duka. Amekopa, amesafiri na mzigo juu ya boti, na ukiloana hasara ni yake peke yake.

Hapo ndipo Norwei wamenifungua macho. Tangu 1995 serikali yao ina mpango unaoitwa Merkur, wa kuyashika mkono maduka ya vijijini. Wenye maduka wanapewa mafunzo na ushauri, na wanaweza kuomba ruzuku ya kuboresha duka. Duka linabebeshwa na kazi nyingine za kijiji: pakiti yangu ya unga kutoka Oslo naipokea palepale kwenye kaunta, kwa kuwa duka ndilo posta. Ni pale pia wazee wanapokaa na kahawa yao. Na kwenye kila bei iliyobandikwa pameandikwa kilo moja inakuja bei gani, hata kama pakiti ni ndogo. Bei yenyewe ni kali, sifichi, na wanaokaa karibu na mpaka wanaendesha hadi Ufini kufuata nafuu. Lakini wamekubaliana kwamba kijiji kisicho na duka kinahamwa, kwa hiyo gharama ya kulibakiza wanaibeba wote.

Sisi serikali yetu nayo iliwahi kuingia dukani. Mwaka 1976, kwenye Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili yachukuliwe na maduka ya ushirika. Bidhaa zikakosekana, na wazee wetu wanaikumbuka adha ile. Tangu hapo tukaenda upande wa pili kabisa: mwenye duka ajijue mwenyewe. Katikati ya njia hizo mbili hatujawahi kupajaribu kwa dhati, kumwachia mtu duka lake halafu tukamsaidia pale ambapo umbali unamuumiza yeye na wateja wake.

Pa kuanzia papo. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ludewa ingetenga fungu la vikundi vitakavyoendesha ghala la jumla mwambaoni, lijazwe chumvi, sukari, sabuni na mafuta kabla ya miezi ya mwera, na wenye maduka wadogo wachukulie hapo badala ya kila mmoja kupanda boti na mfuko wake mmoja. Masharti yawe mawili: bei ya kilo ibandikwe mlangoni, na robo iuzwe kwa robo kamili ya bei hiyo. Waheshimiwa madiwani wa kata za ziwani, hili lipelekeni kwenye baraza kabla bajeti haijapita.