Hakuna fundi anayepiga lipu jana

Nikiletewa ratiba ya mradi, naanza kutafuta mstari wa tarehe ya leo, kisha natazama kushoto kwake, upande wa siku zilizokwisha kupita. Nikikuta kazi haijamalizika na kipande chake kilichobaki kimelala upande ule, siendelei kusoma. Kipande kile kinadai kuwa mafundi wataifanya kazi hiyo juzi. Tarehe zote zinazofuata zimejengwa juu ya dai hilo, ikiwemo tarehe ya kukabidhi ambayo mshitiri, yaani mwenye mradi, ameshaitangaza.

Nasema kwa uchungu kwa sababu nimeona watu wakiumia. Tulikuwa tukijenga madarasa matatu Wete, Pemba, mimi nikiitunza ratiba nikiwa Unguja mjini. Lipu ilipewa siku 10 za kazi, kuanzia Jumatatu tarehe 2 hadi Ijumaa tarehe 13, na rangi ianze tarehe 16. Tarehe 11 nikaletewa taarifa kwa simu: lipu asilimia 60. Nikaiandika. Microsoft Project, programu ninayopangia ratiba, ikachora mstari mweusi wa siku sita zilizofanyika, ukaishia tarehe 9, na siku nne zilizobaki ikaziacha palepale zilipokuwa, kuanzia tarehe 10. Mwisho wa lipu ukabaki tarehe 13 na rangi ikabaki tarehe 16. Nikaituma hivyo.

Kumbe kazi ilikuwa imesimama tangu jioni ya tarehe 9. Mchanga ulikwisha, na visiwani kwetu mchanga hauchimbwi bila kibali. Mafundi watatu wa rangi, kwa kuiamini ratiba yangu, walipanda boti Jumapili tarehe 15, wakashuka Mkoani, wakachukua gari hadi Wete. Walikuta kuta nyingine bado ni matofali matupu. Walikaa siku nyingi wakila fedha waliyotegemea kuwapelekea watoto wao, na mkandarasi akasema hawalipi kwa kukaa. Programu haikuwa na kosa. Inafanya inachoambiwa, nami nilikuwa nimeiambia kilichofanyika bila kuiambia kilichobaki kitafanyika lini.

Nilivuka mwenyewe Ijumaa tarehe 20. Fundi mkuu wa pale ni mtu mzima, namwita Ami. Nikamuuliza, "Ami, zimebaki siku ngapi?" Hakunijibu papo hapo. Aliugeuza mwiko, akagonga ukuta kwa mpini, hatua kwa hatua, kuanzia mlangoni hadi pembeni kwenye dirisha. Sehemu moja ukuta ulilia mzito, sehemu nyingine ukalia mtupu. "Hapa pamekauka bila kumwagiliwa, mwanangu, haikushika. Panabanduliwa hapa. Mchanga ukifika Jumapili, nipe sita."

Siku sita, wakati hesabu ya asilimia ilikuwa ikinipa nne. Na aliyeniletea ile 60 hakuwa amedanganya. Alihesabu kuta zilizopakwa, akahesabu sawasawa. Asilimia inatazama nyuma. Haijui kuwa kuna lipu ya kubanduliwa, wala mchanga uko kwenye lori la nani. Anayeyajua hayo ni fundi, na huyajua kwa siku. Ndiyo maana naamini swali la "asilimia ngapi?" tunaliuliza kwa mazoea tu, na linatugharimu.

Basi usiku ule nikaweka tarehe ya taarifa, yaani siku ambayo hali ya kazi inahesabiwa hadi hapo, kuwa tarehe 20. Ukiiacha wazi, programu huchukua tarehe ya leo ya kompyuta, jambo linalowachanganya wengi wanaoandika taarifa ya Ijumaa siku ya Jumanne. Muda uliobaki nikauandika sita. Kisha nikaamuru kazi isiyokamilika ianze baada ya tarehe hiyo. Mstari wa lipu ukakatika vipande viwili: kimoja tarehe 2 hadi 9, kingine tarehe 23 hadi 30, katikati nukta nukta za siku zilizopotea. Rangi ikasogea yenyewe hadi Jumanne tarehe 31. Na ile asilimia ikashuka kutoka 60 hadi 50, kwa kuwa muda wote sasa ni siku 12 na zilizofanyika ni sita.

Kushuka huko kulileta maneno. Niliulizwa kazi inarudije nyuma. Nilijibu, na leo najibu hivyohivyo, kuwa kazi haikurudi nyuma. Tumejua ukubwa wake. Nukta zile nazo niliombwa nizifute ratiba ipendeze. Nilikataa. Zile ni siku za mchanga, na anayelipa ana haki ya kuziona.

Wanaotumia Primavera P6, programu nyingine ya ratiba, wana nafuu hapa. Ukiihamisha tarehe ya data, ndiyo tarehe ya taarifa kwao, na kukokotoa upya, kazi iliyobaki husogezwa mbele ya tarehe hiyo bila kuombwa. Microsoft Project husubiri uiamuru, na kama ruhusa ya kugawa kazi iliyokwishaanza imezimwa kwenye mipangilio, kipande hakitasogea. Angalieni pia kazi ambazo hazijaanza kabisa: amri ileile huziwekea sharti la kutoanza kabla ya tarehe uliyoitaja, na sharti hilo hubaki hata mambo yakibadilika baadaye. Mimi huhifadhi nakala kwanza, na ratiba ya msingi, ule mpango wa awali wa kulinganishia, siigusi.

Liko jambo la kazi kuruka zamu, mathalani rangi imeanza darasa la kwanza na lipu ya darasa la tatu bado. P6 kwa kawaida itaizuia rangi iliyobaki hadi lipu yote iishe. Unaweza kuiambia isijali. Mimi siiambii. Kama kweli rangi haihitaji kungoja, basi tulikosea kuziunganisha, na dawa ni kuigawa lipu darasa kwa darasa.

Na kalenda, jamani. Programu inakuja na saa nane kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Nani kwetu anamwaga zege Ijumaa saa saba mchana? Siku sita za Ami zikiwekwa kwenye kalenda isiyoijua sala ya Ijumaa wala Ramadhani, si siku za Ami tena.

Fomu yangu ya taarifa sasa ina nafasi tatu: ilianza lini, ilisimama lini kama ilisimama, zimebaki siku ngapi. Nafasi ya asilimia nimeiondoa, programu itaikokotoa yenyewe. Ami haandiki fomu. Hunitumia ujumbe wa sauti kila Alhamisi baada ya Laasiri, na mara nyingine kabla hajasema idadi nasikia mpini wa mwiko ukigonga ukuta.