Orodha ya Kweli

Baba mdogo, aliyekuwa mhazini wa kamati ya harusi ya binamu yangu hapa Moshi, aliliamini neno la siri kuliko alivyowaamini ndugu zake. Kompyuta ya steshenari yake pale Majengo ilitumia Windows 98, na kila alipoiwasha alituamuru tutazame ukutani, kisha akaandika neno lake la siri kwa kidole kimoja, huku akiitaja kila herufi kwa sauti.

Nikiwa katibu wa kamati, nilimweleza mapema kwamba kisanduku kile cha neno la siri hakikuwa mlinzi. Katika Windows 98 ya kawaida, kilikuwepo ili mashine ijue nani ameketi na impangie mambo yake. Asiyejua neno la siri alibonyeza kitufe cha Esc, akaingia kama mwenye mali. Hata ndani hapakuwa na kizuizi, kwa sababu diski ilipangwa kwa FAT32, mfumo wa kuhifadhi mafaili ambao hauna hata mahali pa kuandika kwamba faili hili ni la fulani na fulani asilisome. Windows NT ilikuwa na ruhusa hizo kupitia mfumo mwingine wa mafaili, NTFS, tangu mwaka 1993, lakini hiyo ilikuwa ya maofisini. Watu wa nyumbani waliletewa na Windows XP mwaka 2001.

"Mwanangu," alinijibu, "hili duka lina mlango wa chuma."

Siku ya kikao kikubwa alikwenda Kiborloni kufuatilia ndizi za mbege, akamwachia kijana wa dukani kazi ya kuchapa orodha ya michango. Umeme ukakatika. Uliporudi, mashine ikadai neno la siri, na yule kijana, ambaye hakuwahi kuambiwa kuwa Esc ni kosa, akabonyeza Esc. Alikuta mafaili mawili, moja likiitwa ORODHA na jingine ORODHA YA KWELI. Kwa uaminifu wake wote akachagua la kweli, akachapa nakala za kuwatosha wajumbe wote, akazibana pini vizuri.

Shangazi, ambaye ni msomaji wa Neno kanisani, ndiye aliyeombwa atusomee. Alianza kwa sauti ile ile ya madhabahuni, na kabla maana haijamfikia alikuwa amekwisha kutangaza kwamba shemeji mmoja "ameahidi laki mbili, tusubiri parapanda", na kwamba mjomba "ameahidi mbuzi, ila mbuzi bado hajazaliwa". Mimi nilikuwa mstari wa sita: "Katibu. Maneno mengi, bahasha tupu." (Bahasha yangu ilikuwa na kitu, ila si wakati wa kubishana.) Baba mdogo aliingia akiwa bado na kofia kichwani, akasikia habari ya mbuzi kwa maneno yake mwenyewe, akageuka kana kwamba amesahau kitu Kiborloni.

Michango ilikamilika wiki ile ile. Mjomba alileta mbuzi dume, mnene, akamfunga mbele ya duka bila kumsalimia mtu. Nilipomshauri baba mdogo ahamie XP na diski igeuzwe kuwa NTFS, alikubali bila ubishi, akaniagiza nifunge hesabu zote za duka asizione mtu yeyote. Kisha akaniinamia na kuniuliza, taratibu, iwapo faili la kamati linaweza kuachwa wazi mpaka ubatizo wa Januari.