Fomu ya diwani: Uingereza iko hadharani, kwetu iko kabatini

Hapa Uingereza nampigia kura diwani. Sijachukua uraia wao; inatosha kwamba Tanzania imo katika Jumuiya ya Madola na kibali changu cha kuishi ni halali. Nyumbani sipigi kura yoyote, kwa sababu mpaka leo Mtanzania aliye nje ya nchi hana pa kupigia. Kwa hiyo nina madiwani wawili wa kuwatazama: mmoja naweza kumtoa, mwingine naweza kumlalamikia tu kwenye grupu la WhatsApp la ukoo.

Kwenye grupu hilo, nikiwalinganisha madiwani hao wawili, jibu huwa liko tayari: wenzetu wana bahati, Wazungu hawaibi. Si kweli hata kidogo. Mwaka 1974 msanifu majengo John Poulson alifungwa kwa kuhonga madiwani na maofisa kote kaskazini mwa England ili apate kazi za ujenzi, na T. Dan Smith, aliyewahi kuwa kiongozi wa baraza la jiji la Newcastle, akaenda jela miaka sita kwa sakata hilo hilo. Mwaka 2021 serikali kuu ilipeleka makamishna Liverpool, jiji zima, wakasimamie shughuli za mali, barabara na uendelezaji baada ya ukaguzi kukuta mambo yameoza. Mikono ya watu ni ile ile, huku na huko.

Tofauti naiona kwenye fomu.

Kwa sheria ya mwaka 2011, diwani wa England ana siku 28 tangu achaguliwe kuandika maslahi yake: kazi au biashara inayomlipa, mikataba aliyonayo na halmashauri, ardhi na nyumba zilizomo ndani ya eneo la halmashauri. Ya mkewe au mumewe nayo yanaingia. Fomu inawekwa kwenye tovuti. Ya diwani wangu wa huku niliisoma nikiwa zamu ya usiku, kwenye simu, bila kumwomba mtu ruhusa wala kueleza naitakia nini.

Halafu ajenda ya kikao inatolewa siku tano kamili kabla, na miongoni mwa mambo ya mwanzo kabisa ni matamko ya maslahi. Niliwahi kukaa kwenye viti vya wananchi siku kamati ya mipango miji ilipojadili baa moja ya mtaani kwetu igeuzwe kuwa nyumba za kupangisha. Diwani mmoja akasema mkewe ameajiriwa na wakala wa nyumba anayehusika, akachukua koti lake, akatoka. Hakuna aliyegeuza shingo. Kwetu diwani akitoka kikaoni namna ile, watu wataulizana anaumwa au amesusa.

Anayekaa kimya anaweza kupelekwa mahakamani. Mwaka 2015 mahakama ya Bournemouth ilimtia hatiani diwani wa Dorset, mtu mzito aliyekuwa ameongoza baraza la kaunti, kwa kupiga kura juu ya mpango wa uendelezaji uliogusa ardhi ya taasisi ya nyumba ambayo yeye alikuwa mkurugenzi wake. Adhabu yenyewe ukiisikia utacheka: aliachiwa kwa masharti na kuamriwa alipe gharama za kesi. Lakini jina lake lilizunguka magazetini nchi nzima. Kesi za aina hiyo ni chache, nalo ni tatizo. Tena tangu mwaka 2012 halmashauri za England hazina hata uwezo wa kumsimamisha diwani aliyevunja maadili. Kamati ya taifa ya maadili ya uongozi ilipendekeza mwaka 2019 uwezo huo urudishwe. Sitaki mtu aniambie nimewatukuza.

Sasa njoo kwetu. Ukisema hatuna sheria, utakuwa umemsahau Mwalimu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa na mishahara miwili, kuwa na nyumba za kupangisha. Na lilimhesabu kiongozi pamoja na mwenzi wake, kwa hiyo mlango wa "duka ni la mama watoto" ulifungwa tangu hapo, miaka 44 kabla ya Waingereza kutunga sheria yao. Miiko hiyo ikalegezwa na Azimio la Zanzibar mwaka 1991. Mwaka 1995 tukatunga Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, mwaka ule ule ambao kamati ya Lord Nolan iliwaandikia Waingereza misingi saba ya maadili ya uongozi. Tulitoka mstari mmoja.

Na sheria yetu haina haya. Diwani, sawa na waziri, anatakiwa kila mwaka, kabla ya Desemba kuisha, apeleke tamko kwenye Sekretarieti ya Maadili: mali, madeni, vya mwenzi wake, vya watoto wadogo. Ni fomu nene kuliko ya Muingereza, ambayo haiulizi hata nyumba yako ina thamani gani. Kisha inaingia kabatini. Mwananchi anayetaka kuiona anatakiwa kwanza awe amepeleka lalamiko dhidi ya kiongozi huyo, lalamiko lenyewe lionekane la kweli. Yaani mgeni alalamikie chumvi wakati sufuria bado imefunikwa.

Kwa hiyo sisi tunamdai diwani kila kitu, halafu hatumwonyeshi mtu. Wao wanamdai kidogo, na kila mtu anaona. Mimi nachagua kidogo kinachoonekana.

Najua nitakavyojibiwa. Ukianika mali ya mtu unawaita majambazi, na kuna husuda, na kuna wanga. Mama yangu mwenyewe hajawahi kunikubalia nitaje mshahara wangu mbele ya wageni. Hofu hiyo siidharau. Lakini inahusu kiasi, na kiasi si lazima kitajwe. Mimi kama mpiga kura sina haja ya kujua diwani ana milioni ngapi benki. Nataka kujua kama anauza saruji. Nataka kujua kama ana kiwanja kando ya barabara inayotaka kupitishwa. Mwenye tishio la kweli kwa usalama wake hata England anaruhusiwa kufichiwa maelezo.

Kitu ambacho hatuwezi kukinakili ni jamaa. Mwenzi wa Muingereza ni mmoja na jina lake linajulikana. Kwetu kuna shemeji, binamu, mtoto wa dada, mkwe, somo. Katika wilaya nilikotoka, ambayo siitaji, madarasa ya shule moja yalijengwa na kampuni ambayo sokoni wote wanajua ni ya shemeji wa diwani. Karatasi zote safi. Bodi ya zabuni ni ya watumishi, diwani hakai humo. Ila taarifa ya ujenzi inapoletwa kwenye Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, yeye yupo mezani. Nani atauliza kuhusu nyufa?

Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri imepita njia hiyo hiyo. Nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, mpango mzuri kabisa. Lakini ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zikawa zinarudi na vikundi hewa na marejesho yasiyorejeshwa, hadi serikali ikausimamisha Aprili 2023 na kuja kuurudisha kwa utaratibu mpya mwaka 2024. Jina la kikundi haliniambii lolote. Ningetaka kujua mwenyekiti wa kikundi ni nani kwa diwani.

Halmashauri zetu karibu zote zina tovuti, na tovuti zina ukurasa wa madiwani: picha, jina, kata, chama. Ongezeni mistari mitatu chini ya picha. Biashara yake na ya mwenzi wake. Ardhi aliyonayo ndani ya halmashauri. Ndugu au shemeji mwenye mkataba au mkopo wa halmashauri. Fedha kiasi gani, hizo zibaki kabatini Sekretarieti.

Binamu yangu, aliyechukua fomu ya udiwani mwaka 2025, alisoma pendekezo hili kwenye grupu akaniuliza: na shemeji aliyeachana na dada yako, naye anaandikwa? Nikamjibu kwamba kama bado anapata tenda, aandikwe.