Sorry ya Pole au ya Samahani?

Jumanne iliyopita nilipitia kwa dobi mmoja hapa mjini kuchukua leso ya marehemu mama. Ilikuwa na doa la mafuta lililonishinda, na nilitaka iwe safi kabla ya hitima. Msichana wa kaunta aliifunua nusu, akaikunja upesi, akanisukumia pamoja na risiti. Nikaifungua mwenyewe. Jina la leso lilikuwa HAKUNA KAMA MAMA. Pasi imeunguza neno la katikati, pamebaki baka la kahawia lenye ncha kama ya pasi yenyewe. Sasa inasomeka HAKUNA MAMA.

"Sorry," akasema, macho kwenye simu.

Nikamuuliza, "Sorry ya pole au ya samahani?"

"Sorry tu, mama."

Hiyo "sorry tu" nimelala nayo siku tatu.

Kwa Kiingereza, sorry ni kivumishi. Kinaeleza hali ya anayesema. Kimetokana na neno la Kiingereza cha kale, sarig, mwenye maumivu, na ni ndugu wa sore, neno wanalolitumia kwa kidonda. Kwa hiyo anayekwambia sorry anakupa habari za moyo wake: naumia. Ukiyachukua maneno yenyewe, hajasema amekosa na hajakuomba chochote. Wenye lugha yao wanalijua hilo vizuri. Mwaka 2001 ndege ya upelelezi ya Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan, rubani Mchina akafa. Wamarekani 24 walishikiliwa siku 11, hadi balozi wao alipopeleka barua yenye "very sorry" mara mbili. China ikawaambia watu wake kwamba Marekani imeomba radhi. Marekani ikasema haijaomba radhi hata kidogo, imesikitika. Kule Ontario, Kanada, tangu 2009 kuna sheria kwamba ukisema sorry, maneno hayo hayawezi kutumiwa katika kesi ya madai kama ushahidi kuwa umekiri kosa.

Sasa sikiliza ya kwetu. Samahani ni Kiarabu, maana yake nisamehe. Kunradhi ni kuwa radhi. Niwie radhi haihitaji maelezo. Yote yanamwelekea aliyekosewa. Anayeyatamka anajishusha, anasimama mbele yako, na uamuzi ni wako: unaweza kusamehe, unaweza kukataa. Ndiyo sababu ni mazito mdomoni. Mama alikuwa akikukosea hata wewe mtoto, akikupiga kwa kosa la ndugu yako, anakuja jioni kukaa ukingoni mwa kitanda na kusema, "Niwie radhi, mwanangu." Nilikuwa na miaka saba, na nilijua nimepewa kitu kikubwa.

Pole ni jambo jingine kabisa. Pole ni ya jirani, ya mpita njia, ya mtu asiye na hatia aliyeona mzigo wako. Nayo ina jibu lake: nishapoa.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba sorry ya Nairobi ina wema ndani yake. Jikwae stejini, watu wanne usiowajua watasema sorry, sorry, na mgeni Mwingereza atashangaa kwa nini wanaomba radhi na si wao waliokuangusha. Hiyo ni pole yetu tu, tumeibadilishia jina. Na najua siku hizi hata aliyekukanyaga anasema pole. Lakini ndipo lilipo tatizo. Neno moja likishabeba yote mawili, mwenye kosa anajificha ndani ya neno la mfariji. Mfalme Charles alipokuja Nairobi mwaka 2023 alitaja huzuni na majuto makubwa kwa ukatili waliotendewa Wakenya wakati wa kupigania uhuru. Kuomba msamaha, hakuomba. Tulielewa sote tofauti yake siku ile, tukaumia. Kwa nini basi tunapeana kitu kilekile sisi kwa sisi, kwenye kaunta, ofisini, nyumbani?

Jumanne hiyo nilipanda matatu na leso mapajani. Mama mmoja aliyekaa kando yangu aliliangalia lile baka, akasoma, akanyamaza kidogo. Kisha akaweka kiganja juu yake, pale palipoungua, akasema, "Pole sana, dada." Alishuka Kangemi kabla sijaweza kumjibu nishapoa, kwa sababu sikuwa nimepoa.

Msichana yule ni mdogo, labda hajawahi kusikia mtu mzima akimwambia niwie radhi. Pesa zake sizitaki. Ijumaa nitarudi pale, niitandaze leso juu ya kaunta, nimsomee jina lake lote kama lilivyokuwa, kisha nisubiri.