Gesi, bendera na watu wasiotaka kushindwa

Kila ukikaribia uchaguzi nikipiga simu Mtwara naambiwa, "Nyie wa Ulaya mna raha, siasa zenu za kistaarabu." Natamani wanaosema hivyo waje walale Belfast usiku mmoja. Huku kuna kuta, tena kuta za kweli, za matofali na mabati, ndefu kupita paa za nyumba, zinazotenga mitaa ya Wakatoliki na ya Waprotestanti. Za kwanza zilijengwa 1969, watu wakaambiwa ni za muda. Baadhi zina mageti yanayofungwa usiku, kwa hiyo nikitoka zamu ya jioni kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi lazima nizunguke. Ng'ambo hii, ya Waprotestanti wanaotaka kubaki Uingereza, kingo za barabara zimepakwa nyekundu, nyeupe na bluu, rangi za bendera ya Uingereza. Ng'ambo ile, ya Wakatoliki wanaotaka kuungana na Ireland, bendera ya Ireland kila nguzo. Mgeni unabaki kujiuliza: wote Wakristo, wote wanakula viazi vilevile, mvua inawanyeshea ileile, wanagombea nini?

Mwanasaikolojia Henri Tajfel alilichokonoa swali hilo mwaka 1970. Aliwachukua wavulana wa shule mjini Bristol, akawagawa makundi mawili kwa kisingizio cha kipuuzi kabisa, eti hawa wamependa michoro ya msanii Klee na hawa ya msanii Kandinsky, kisha akawapa kazi ya kuwagawia wenzao fedha. Wakapendelea kundi lao, hilo halishangazi. Kinachoshangaza ni kwamba mara nyingi walikuwa radhi kundi lao lipate pungufu, mradi lile jingine lipate pungufu zaidi. Na hapo hakuna aliyewahi kumchomea mwenzake nyumba. Ireland ya Kaskazini, ambayo mji wake mkuu ni hii Belfast, walizika watu zaidi ya 3,500 katika mapigano ya miaka ipatayo thelathini.

Kwa hiyo nikisikia watu wa Dar wanasema vurugu za gesi za kwetu zilikuwa "ujinga wa watu wa kusini", napandwa na hasira. Desemba 2012 watu waliandamana Mtwara mjini wakisema gesi haitoki, na hoja yao ilikuwa na kichwa na miguu. Reli tuliyokuwa nayo enzi za mkoloni ilishang'olewa, barabara tuliingoja mpaka tukazeeka, sasa gesi ya Mnazi Bay nayo ipite kwenye bomba la kilomita mia tano na ushei iende Dar? Januari Waziri Mkuu Pinda alikuja, akakaa na watu, akaeleza kuwa gesi itasafishwa hukuhuku Mtwara kabla ya kusafirishwa. Joto likashuka. Tarehe 22 Mei 2013 bajeti ya nishati ikasomwa bungeni, msimamo wa bomba uleule, na mji ukawaka. Nyumba zikachomwa, watu wakafa, wanajeshi wakaletwa. Kuchoma nyumba ya mtu kwa sababu ya kadi yake ya chama ni uhalifu, hilo sina mjadala nalo. Lakini kati ya Desemba na Mei hakuna aliyekuwa mjinga. Watu walijiona wamedharauliwa.

Kuna utafiti wa 2007 wa Jeremy Ginges, Scott Atran na wenzao kwa Wapalestina na walowezi wa Kiisraeli, ambao ningependa kila mkuu wa mkoa ausome. Jambo likishakuwa la heshima, la kitu kitakatifu, ukimwongezea mtu fedha ili alegeze msimamo anazidi kukasirika, kana kwamba umemtolea bei ya mama yake. Kilichopunguza hasira ni upande wa pili nao kuachia kitu unachokiona kitakatifu, au kuomba radhi. Kwetu zilikuja hesabu za mrabaha na ajira. Radhi mimi sikuisikia.

Nina wajomba wawili Mikindani, na anayejua mila zetu anajua mjomba ana uzito gani kuliko hata baba. Mkubwa alikuwa balozi wa nyumba kumi wa chama tawala, mdogo alikuwa mbele kwenye maandamano. Baada ya Mei hawakusalimiana. Wazee walijaribu kuwakalisha, mdogo akanyanyuka kabla chai haijamiminwa. Kilichowarudisha ni mikorosho. Mwezi wa sita ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, haungoji mtu, na mashine ya kupulizia ilikuwa moja, mali ya wote wawili. Mkubwa akabeba mashine mgongoni, mdogo akabeba mifuko ya salfa, wakaanzia shamba la huyu wakamalizia la yule, bila maneno mpaka siku ya tatu, mdogo aliposema, "Kaka, mti ule umeuruka." Kuhusu gesi hawajakubaliana hadi leo.

Huku Belfast jambo hilo wameliandika kwenye sheria. Mkataba wa Ijumaa Kuu wa 1998, mkataba wa amani wa huku, unalazimisha pande mbili kutawala pamoja. Kiongozi mmoja akijiuzulu, mwenzake naye anaondoka. Ndiyo maana mwaka 2007 Ian Paisley, mchungaji wa Kiprotestanti aliyekula chumvi akipiga kelele za "hapana", aliketi na Martin McGuinness, kamanda wa zamani wa IRA, kundi lililopigana kwa silaha kuitoa Ireland ya Kaskazini mikononi mwa Uingereza, na picha zao wakicheka zikazunguka dunia. Serikali hiyo imeshakwama mara kadhaa, hata miaka miwili au mitatu bila mawaziri. Wanagombana, lakini risasi zimepungua mno.

Ila watoto wao wengi bado wanasoma shule tofauti. Sisi tunakaa nyumba moja yenye kadi tatu za vyama, tunazikana, tunataniana, halafu aliyeshinda uchaguzi anabeba vyote na aliyeshindwa anaambiwa asubiri miaka mitano. Na Agosti 2024, uvumi wa uongo ulipowasha vurugu dhidi ya wahamiaji, bendera ya Uingereza na ya Ireland zilionekana hapa Belfast zikipepea upande mmoja. Walikuwa wamepata adui wa tatu, mimi. Wiki hiyo nilikwenda kazini kwa teksi.

Sasa Lindi wanangoja mradi wa gesi kimiminika pale Likong'o, miaka nenda rudi. Mlioko huko niambieni: vikao vya vijiji vinaitishwa kabla ya mikataba kusainiwa, au tutasikia tena redioni bajeti ikisomwa?