Mkoba Mwepesi Huanzia Kwenye Beseni

Mwezi wa Agosti, wanafunzi wanapofunga muhula wa pili na ndugu zetu wanaoishi Ulaya na Marekani wanapokuja kutumia huku likizo yao ya majira ya joto, vituo vya mabasi vya Kampala hujaa masanduku. Pale Kisenyi utamwona mtu anayekwenda Kasese kwa siku chache tu akihangaika na sanduku ambalo utingo analisukumiza kwenye buti kwa bega. Likishushwa mwisho wa safari, litapandishwa tena kwenye bodaboda, dereva alikumbatie juu ya tangi la mafuta huku usukani ukigoma kukata kona. Nimesafiri sana ndani ya nchi hii, kwa kazi na kwa kuwatembelea ndugu, na nina msimamo ambao sijaona sababu ya kuulegeza: sehemu kubwa ya mzigo huo hubebwa kwa sababu msafiri hakupanga atafua lini, atafua wapi, na kwa maji ya nani.

Swali hilo la mwisho ndilo ninalolipa uzito zaidi. Katika nyumba nyingi za vijijini maji huchotwa kwenye kisima, chemchemi au pampu iliyo mbali na nyumbani, na wanaoyabeba ni watoto na kina mama. Jerikani ya lita 20 ikijaa ina kilo 20 za maji, bila kuhesabu chombo chenyewe. Mgeni akija na nguo tele, akazibadilisha asubuhi na jioni, kisha akaziacha chafu pembeni mwa kitanda, mwenyeji hatanung'unika hata kidogo, maana kwetu heshima ya mgeni ni jambo kubwa. Atawaita wasichana wa nyumbani, nao watarudi kisimani siku ileile. Ukitaka kufua mwenyewe utaambiwa, "Mgeni wetu, acha hizo, watoto watafua." Mimi hujibu, "Asante, mama, ni shati moja tu, niazimeni beseni," na kwa kuwa kweli ni shati moja, mjadala huishia hapo. Lundo la nguo lisingenipa jibu hilo. Kuhusu nguo za ndani hakuna la kujadili: tumelelewa tukijua kwamba kila mtu hufua zake mwenyewe anapooga, na desturi hiyo ambayo tayari tunayo ndiyo ninayoomba tuipanue ifike kwenye shati, blauzi na soksi.

Mtu akishakubali kufua kila jioni, kuchagua nguo za safari huwa kazi nyepesi, kwa sababu kila nguo inaulizwa jambo moja tu: je, itakauka kabla ya asubuhi? Suruali ya jinzi haikauki. Kiuno na mifuko yake hubaki na maji hata siku ya pili, na ikiwa mbichi ni mzigo kwelikweli. Kitambaa chepesi kilichochanganywa pamba na poliesta hukauka usiku mmoja. Nguo za namna hiyo zinapatikana kwa bei nafuu katika mitumba ya Owino, soko kubwa la Kampala, mradi mnunuzi ajipe muda wa kukikunja kitambaa ngumini, akibane kidogo, kisha akiachie. Kikibaki na makunyanzi mengi kitamdai pasi kila siku ya safari. Kwa safari ya wiki nzima, mashati matatu, suruali mbili, koti jepesi na leso au kikoi vinatosha kabisa. Leso hiyo ni taulo, ni shuka, ni nguo ya kuvaa wakati nyingine ziko kambani, na ikiloa hukauka haraka kuliko taulo lolote nene.

Rangi nayo ina maana yake. Katika miezi ya kiangazi, barabara za udongo hutimua vumbi jekundu ambalo halimwonei huruma mvaaji wa nguo nyeupe, kwa hiyo kitenge chenye maua au rangi ya kahawia humtunzia mtu heshima yake kwa muda mrefu zaidi. Anayekwenda mbuga ya Murchison Falls aache nyumbani nguo za buluu iliyokolea na nyeusi, kwa sababu mbung'o huvutwa na rangi hizo, na ndiyo maana mitego ya kuwanasia hushonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi. Nguo zenye madoa ya kijeshi asizibebe kabisa, kwani sheria ya Uganda inamkataza raia kuzivaa.

Kufua kwenyewe kuna utaratibu unaookoa maji. Shati lililojaa vumbi likung'utwe likiwa kavu, tena nje, kabla halijaguswa na tone la maji, kwa sababu vumbi jekundu likishalowa huzama ndani ya nyuzi na kuacha doa. Kisha lilowekwe, na kipande cha sabuni ya mche kisuguliwe mahali panapochafuka kweli, yaani kola, kwapa na ncha za mikono. Sehemu nyingine zitatosheka na povu linalobaki. Napendelea sabuni ya mche kuliko ya unga katika safari, kwa kuwa haimwagiki mkobani na povu lake halihitaji kusuuzwa mara nyingi. Baada ya kusuuza, shati likamuliwe, litandazwe juu ya kikoi kikavu, vyote viwili viviringishwe pamoja kama mkeka, kisha likanyagwe kwa miguu iliyooshwa. Kikoi hunywa maji ambayo mikono haikuweza kuyatoa, na shati ambalo lingehitaji usiku kucha huwa tayari baada ya saa chache.

Sasa nifike kwenye kuanika, maana hapa wageni wengi, hasa wanaotoka ng'ambo na watu wa mjini waliosahau, hujiponza. Nguo mbichi zikianikwa kivulini au zikitandazwa juu ya nyasi, nzi wa maembe huweza kutaga mayai kwenye mishono na mikunjo yenye unyevu. Mayai hayo huanguliwa baada ya siku 1 hadi 3, na mabuu yanayotoka, madogo mno kwa jicho la haraka, hupenya ngozi pale nguo inapougusa mwili. Kinachofuata hufanana na jipu lenye tundu dogo katikati, lenye kuwasha na kuuma, na buu hukomaa humo kwa siku 8 hadi 12. Ukilipaka tundu hilo mafuta mazito ya kujipaka, buu hukosa hewa na kujitokeza, na hapo huweza kutolewa taratibu. Kulikamua kwa nguvu kunaweza kulipasua ndani na kuleta usaha, kwa hiyo penye shaka ni heri kwenda kituo cha afya.

Kinga ni joto la pasi. Bibi zetu waliopiga pasi nepi, vitambaa vya kichwa na nguo za ndani hawakufanya hivyo kwa urembo; pasi ya mkaa iliyopitishwa pande zote mbili, ikakaa kidogo juu ya mishono na kiuno, huua mayai yote. Ndiyo sababu siungi mkono nguo za nailoni tupu ambazo wauzaji wa vifaa vya safari huzisifu sana. Ni kweli zinakauka upesi, lakini haziwezi kustahimili pasi ya mkaa, na mvaaji hubaki bila kinga. Asiye na pasi aanike ndani ya chumba chenye wavu dirishani, au avae tu zile zilizokaa wiki mbili bila kuguswa, jambo ambalo msafiri mwenye mashati matatu hawezi kulisubiri.

Mahali nako hubadilisha hesabu. Moroto jua la kiangazi hukausha shati kwa muda mfupi, ila maji ndiyo adimu; Kabale, iliyo kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, usiku ni wa baridi na ukungu wa asubuhi, kwa hiyo kule mimi hufua asubuhi wala si jioni, na huongeza shati moja. Visiwani Ssese na kando ya Ziwa Albert kishawishi ni kuingia ziwani na kufulia humohumo, nami nakisihi kila kizazi cha wasafiri kisifanye hivyo, kwa kuwa vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya miguu. Chota maji, yaache yatulie kwa siku 2, kisha fulia nchi kavu.

Najua pingamizi litakalotolewa: je, sherehe? Anayealikwa kwenye utambulisho wa bibi harusi hawezi kwenda na shati la kukunja ngumini, na gomesi, lile vazi refu la sherehe la kina mama, lenye mkanda wake na kitambaa cha ndani hujaza mkoba peke yake. Sipingi. Vazi la sherehe libebwe, kanzu ipigwe pasi na kukunjwa vizuri, kwa sababu kumheshimu mwenyeji kwa mavazi ni sehemu ya utu wetu. Lakini hilo ndilo linalonifanya nipunguze mengine. Hatuendi nyumbani kwa watu mikono mitupu. Kuna sukari, chumvi, mkate na miche ya sabuni ya kupeleka, na wakati wa kurudi utafungashiwa matoke, karanga, pengine na jogoo. Nafasi ya vitu hivyo naithamini kuliko nafasi ya shati la sita.

Wenye nyumba za wageni nao wana sehemu yao. Nimelala katika nyumba ambazo tangazo mlangoni linakataza kufua chumbani, huku dobi wa hapo akitoza kwa kila nguo, soksi zikihesabiwa kama shati. Naelewa hofu ya maji kudondoka sakafuni na bili ya maji kupanda. Hata hivyo, kamba iliyofungwa uani penye jua, beseni mbili, vibanio na pasi inayoazimwa mapokezini ni gharama ndogo sana kwa mwenye biashara, na kama anataka kutoza malipo ya maji kwa beseni, ayaandike wazi ukutani, msafiri ayajue kabla hajalipia chumba.